Mizani ya Uwanjani

Kwetu Dekmina barabara haifiki.
Hufika mvua, hufika baridi,
na Jumanne mojamoja hufika ndege ndogo ya viti vitano,
wingu likiridhia.

Mimi ndimi msema-mawingu.
Alfajiri natoka kwenye moshi wa nyumba ya wanaume,
macho mekundu, nautafuta ule mti mkavu ng'ambo ya korongo.
Nikiuona, nasema redioni: njoo.
Nisipouona, nasema: kesho.
Kesho ya kwetu huweza kubeba wiki tatu tumboni.

Uwanja ni mteremko wa majani,
juu kanisa, chini hakuna kitu.
Nguruwe wa Mama Yemima hawajui ratiba.

Kazi yangu ya pili ni mizani.
Waliileta waliojenga zahanati,
zahanati ambayo sasa ina kufuli,
na ufunguo uko mjini, mfukoni mwa muuguzi
aliyekwenda kuchukua mshahara mwaka juzi.
Mshale umekwama: bila mzigo wowote husimama kwenye mbili.
Basi kila kitu napunguza mbili.
Viazi vitamu, punguza mbili.
Vitunguu, punguza mbili.
Mchungaji na koti lake la mvua, punguza mbili;
alicheka, akasema hizo ni dhambi.

Mwezi ule sakitu ilishuka usiku wa nyota nyingi.
Asubuhi mashamba yalikuwa meusi
kama yaliyomwagiwa maji ya moto.
Tukala viazi vidogo vya nguruwe,
nguruwe wakitutazama.

Ndipo Semina akajifungua kabla ya miezi kutimia,
na damu ikakataa kukoma.
Wanaume wanne walimvusha mto kwa machela ya miti.
Nyuma yao bibi yake, mkanda wa mkoba wa nyuzi kwenye paji la uso,
na ndani ya mkoba, juu ya majani laini,
mtoto, kama kitu kilichochumwa mapema.

Rubani hakuzima injini.
Majani yamelowa, alisema, kilo themanini, si zaidi.

Palikuwa na gunia la Otniel:
matunda ya mkadi mwekundu, ada ya kijana wake aliye shuleni mjini.
Alikuwa amelala nalo uwanjani siku kumi na sita,
akilifunika yeye, akilowa yeye.
Nililipima: arobaini na moja. Punguza mbili. Thelathini na tisa.

Kisha Semina, mtoto kifuani.
Arobaini na tatu.

Hesabu ilikuwa mbele yangu, nyepesi, hata mtoto wa darasa la pili angeiona:
punguza mbili, jumlisha gunia, themanini kamili,
waende wote.
Lakini nilikwisha kumtazama yule mtoto.
Mbili ndiyo alikuwa nazo, zisingefika tatu.
Kalamu ikaganda.
Nikipunguza mbili hapa, namtoa nani?

Nikasema kwa sauti: arobaini na tatu.

Otniel ananijua mimi na mizani yangu.
Alinitazama muda wa mtu kumeza mate.
Akalipandisha gunia lake begani,
akaondoka njiani, propela isije ikampiga.

Saa tatu wingu likafunga mlango.

Mkadi ukiiva hausubiri.
Jioni Otniel aliupika wote kwa mawe ya moto, akaita kijiji.
Siku mbili tulitembea na midomo myekundu,
hata bibi yake Semina, aliyekula bila kuketi.
Hakuna aliyemtaja mtu wa ndegeni.

Leo ni siku ya tano. Redio inakoroma.
Mara nasikia bei ya chumvi ya bonde jingine,
mara mtu anaita mtu ambaye si mimi.
Watoto wanapanda mizani kwa zamu,
wananipigia kelele nipunguze, nipunguze.
Nawapunguzia.

Ukurasa wa Jumanne siugusi.
Daftari linasema arobaini na tatu.
Anayetaka kusahihisha
na aje kwa miguu.